Kitenge cha Mama Riziki Kimebaki Mezani

Basi, Apolina, Mama Riziki akavua kile kitenge cha uongozi mabegani, akakikunja vizuri, akakiweka mezani mbele ya wamama wote. "Chukueni. Mimi nimechoka. Mimi si rais, mimi ni dada yenu tu." Wamama wakaanza kulia! Mmoja akapiga magoti kabisa, "Apana Mama Riziki, usituache!" Kitenge kikakaa pale, hakuna aliyekigusa. Na mimi njo mkubwa wao kwa miaka, mimi njo ninafunga viongozi kitenge. Leo wanarudi kukutana hapa kwa binti yangu, wanataka nimfunge tena. Peke yake. Na safari hii bila mwisho.

Bon, sijakusalimia. Mdogo wangu, umeamkaje huko Uvira? Ziwa halijawafuata tena ndani ya nyumba? Na kile kikohozi? Huku Louisville siye wazima, isipokuwa magoti yangu. Hayo ni magoti ya kambi ya wakimbizi, hayasikii dawa ya Amerika. Anayeandika ni mjukuu wangu Neema, yule anayesoma historia kule Columbus. Amekuja jana na basi. Amekonda. Andika hivyo hivyo Neema, umekonda.

Chama chetu cha wamama unakijua. Kila mwaka viongozi wawili, mmoja wa milimani, mmoja wa ziwani, ili upande wowote usiseme umekaliwa na mwingine. Ninawafunga vitenge, mwaka ukiisha ninawafungua. Sasa tukagombania sufuria kwenye kilio kimoja cha msiba, upande huu unapika, upande ule unakataa kula. Aibu! Mama Riziki njo akatupatanisha. Mwenzake wa uongozi, wa upande ule mwingine, akahamia Buffalo kwa mtoto wake, kitenge chake akaniachia mimi, kiko ndani ya valizi yangu ya nguo. Wamama wakasema bon, Mama Riziki abaki peke yake kwanza, mpaka tutulie. Tumetulia. Yeye bado yuko.

Na si mtu mbaya! Hospitali ananipeleka yeye na motokari yake. Binti yangu alipata kazi ya kufunga masanduku kupitia yeye. Hata sombe ninayokula, majani ya muhogo, yeye njo anatafuta. Donc nikimkatalia, nani atanipeleka? Ninazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta fasi ya kutaga.

Asubuhi nikamwambia Neema asome neno la Mungu kidogo. Akafungua pale Yosefu na Mariamu wanakwenda kuandikishwa, amri imetoka kwa Kaisari Augusto. Nikauliza, huyo Kaisari, ufalme aliuachiwa na nani?

"Bibi, Waroma, watu wa Kaisari, hawakuwa na mfalme. Walimfukuza wa mwisho, wakaapa hawataki mwingine. Kila mwaka walichagua wakubwa wawili, mmoja amzuie mwenzake."

"Wawili? Kama siye?"

"Kama nyinyi. Kisha wakubwa wakapigana wenyewe kwa wenyewe, vita juu ya vita. Mmoja akajifanya mkubwa wa maisha, wakamchoma visu. Augusto alikuwa mtoto wake wa kulea, lakini alimzidi akili. Alipowashinda wote, akasimama mbele ya wazee wa baraza, akasema: ninawarudishia nchi yenu, mimi nimemaliza."

Apolina, nikaweka chai chini. "Na wazee?"

"Wakamlilia asiwaache."

"We mtoto, usinitungie hadithi kwa sababu ya Mama Riziki."

"Njo tulisoma hivyo, Bibi! Akakataa kuitwa mfalme, akasema yeye ni wa kwanza kati yao tu. Mikutano ikabaki, wawili wakaendelea kuchaguliwa, kila jina likabaki fasi yake. Lakini neno la mwisho lilikuwa lake. Alipokufa, kiti akamwachia mtoto wa mke wake."

"Watu walikuwa vipofu?"

"Walikuwa wamechoka na vita, Bibi."

Kuchoka ninakujua, na wewe unakujua. Siku tulivuka ziwa tukikimbia vita, yule aliyetupa fasi ya kulala, nani alimuuliza ni nani? Siwacheki hao Waroma. Lakini siye huku tulipigania sufuria, Apolina! Sufuria! Na ule ugomvi umekwisha zamani.

Neema anasema, "Bibi, kataa tu." Ni rahisi kwake, kesho anarudi Columbus. Mimi ninabaki na magoti.

Salimia shemeji na mguu wake. Salimia mtoto wako mkubwa, fundi wa cherehani, mwambie ile nguo alinishonea bado ninakwenda nayo kanisani. Na wifi yetu muuza dagaa, mwambie sijasahau ulimi wake, hata huku haupatikani mwingine kama ule. Mwambie pia kwamba...

Binti yangu anaita. "Mama! Wamama wamefika wote! Mama Riziki amekaa mbele, wanakungoja wewe tu!"

Ninakuja! Neema, vuta ile valizi. Toa kitenge. Ndiyo, hicho cha mwenzake. Wataniuliza ni cha nani, nami nitawauliza wao nimfunge nani. Nipe mkono. Mwambie Apolina ni mimi dada yake Salome, uache kalamu, twende.