Kikombe cha Bluu

Akinyi mjukuu wangu,

Huku mtaani Laini Saba tuko. Mvua imetulowesha, lakini tuko. Nyanya yako anakusalimia. Goti linamsumbua, mdomo hauna shida.

Umeuliza kama kwetu kuna watu kama hao Wadalit wa huko India unakosomea, wanaotengewa vikombe kwa sababu ya ukoo na kazi zao. Ukoo, hapana. Kazi, ndiyo.

Miaka ya tisini nilikuwa nachota vyoo vya shimo kwa ndoo kule mtaa wa Kongo, Kawangware. Mama mwenye ploti aliwapa mafundi wa mjengo chai kwa vikombe, sisi watatu wa vyoo akatupa kwa mkebe wa mafuta. Tukakubaliana hatunywi mpaka tupewe vikombe. Siku mbili tukakaa bila chai. Siku ya tatu nikajiona mjanja, nikabeba kikombe changu cha bluu kutoka nyumbani.

Mama akanijazia. "Wewe uko na adabu," akasema. "Hao wengine pia walete vyao."

Wakaleta. Hawakunisemesha tena.

Ulipokuwa mdogo ulichukua kikombe hicho unywe maji, nyanya yako akakupokonya. "Hicho ni cha babu." Kazi ile nilikuwa nimeiacha zamani. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikainuka nikakirudisha dirishani.

Bado kiko dirishani, peke yake. Ukirudi ningependa ukinywee mbele yetu. Lakini najijua, Akinyi. Mkono wa kwanza kukupokonya utakuwa wangu.

Ni mimi babu yako,
Oduor