Mkeka Wako Uliobaki Msasani

Kwako mama yangu,

Leo tumesoma arobaini yako. Watu wamekula, wameondoka, na mie nimebaki na neno ambalo sijamwambia mtu.

Unaikumbuka nyumba ya bosi wako, yule wa benki, kule Msasani ulikokuwa ukifanya kazi za ndani? Likizo ulikuwa unanichukua nikusaidie kupiga pasi. Sebule nzima picha za rangi na vinyago, kila kimoja na taa yake. Ukivifuta vumbi unavinong'oneza, "Nisamehe, babu." Nilicheka mpaka ukanifinya.

Kazi ikipungua ulikaa uani, ukisuka mkeka wa miyaa ya zambarau na kijani. "Huu wa kufunikia jeneza langu," ulisema, kama bibi alivyojisukia wake. Siku moja bosi akauona, akautaka. Ukaukunja. Kisha ukampa, nami nikalipiwa ada ya kidato cha nne. Wiki iliyofuata tuliukuta ukutani, katikati ya picha, nao una taa yake.

"Hee! Mkeka umeanikwa ndani!" ukasema, tukacheka wote. Njiani ukaniambia utasuka mwingine. Vidole vikavimba, hukusuka.

Asubuhi ile ulipofariki, mama mkubwa alinituma. "Nenda wewe, wanakujua. Uombe mkeka tu, tukishazika tutaurudisha."

Nilimkuta bosi na wageni wawili, wamesimama mbele ya mkeka wako. Nikaamkia. Mgeni mmoja akauliza, "Aliyeusuka bado yupo?"

"Yupo sana! Kaumwa kidogo, wiki ijayo anarudi kazini." Bosi akanigeukia. "Au siyo, binti? Mama hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

Mama, mdomo umezoea. Neno lilitoka lenyewe, na wote walikuwa wananitazama. Baada ya hapo ningeombaje mkeka wa kukuzikia? Nilirudi Temeke nikasema nimekuta geti limefungwa. Mama mkubwa akatuma dukani, ukaletwa mkeka wa plastiki wenye picha ya tausi. Ndio uliokufunika.

Nimeanza kusuka. Mistari yangu inakwenda upande, ungeicheka.

Bosi amekuwa akinipigia simu kukuulizia, nami namjibu hujambo, unapumzika tu. Kesho nitakwenda Msasani kumwambia ukweli. Naogopa, mama, na siyo yeye ninayemwogopa. Nikishasema, haitabaki nyumba hata moja hapa Dar ambamo wewe bado hujambo.

Pumzika, mama. Nisamehe.

Mwanao, kitindamimba wako