Godoro la Dirishani

Jumatatu, 3 Juni
Mwangwi bado upo. Nimepiga kofi katikati ya chumba, likanirudia. Kuta za saruji, sakafu ya saruji. Spika nilizonunua Tunduma zinalia kama zimo ndani ya pipa. Leo nimemwomba mke wangu, Neema, atembeze kioo chake ukutani huku nimekaa kitini. Pale ninapoiona spika ndani ya kioo, ndipo sauti inapogonga. Nimetia alama za mkaa. Neema anasema wanaume wenzangu wanachuma kahawa, mimi najitazama kwenye kioo. Nimecheka tu.

Alhamisi, 6 Juni
Kwenye alama zile nimetundika fremu za mbao, ndani mablanketi makuukuu, juu nimevika magunia ya kahawa. Neema hajajua kuhusu magunia. Kwenye kona nimesimamisha mengine yaliyojaa matambara, yapunguze besi. Gitaa limetulia. Nasikia hata vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi. Raha.

Kero iliyobaki ni jirani. Bibi Tusa, mjane, ua wetu mmoja. Kuku wake, kinu chake, kikohozi chake. Dirisha la upande wake nimeliziba kwa godoro, mlango nimeutundikia blanketi zito. Hayo hayahusu mwangwi. Nimetaka tu nisimsikie. Na ndiye aliyewalea wanangu tulipokuwa shambani. Nimeona aibu kidogo, ikapita.

Jumamosi, 8 Juni
Neema alikwenda sokoni Vwawa. Nilijifungia mchana kutwa. Sijapata kusikia muziki mtamu vile.

Nilipotoka, moshi. Watu wamejaa kwa Bibi Tusa. Jiko lake la nyasi limeteketea, mkono wake wa kulia umeungua. Nasikia alipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Walikuja watu wa ng'ambo ya mto na ndoo zao. Mimi hapa uani sikwenda. Nilisimama nyuma ya migomba nikiwatazama. Kisha nikarudi ndani kimyakimya. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Juni
Huku kwetu Ihanda yowe halina mjadala. Ukilisikia unaacha hata tonge. Asiyeitika, siku akifiwa atachimba kaburi peke yake. Nimeliona hilo likimpata mtu.

Baada ya ibada balozi wa nyumba kumi aliniuliza mbele ya watu nilikuwa wapi. Sijafungua mdomo, Bibi Tusa akajibu, mkono umefungwa bandeji.

"Mwacheni huyo. Jana alikuwa Tunduma."

Nikanyamaza. Neema akanitazama, naye anajua sikwenda Tunduma, aliniacha na spika zangu.

Jumanne, 11 Juni
Tumemjengea jiko jipya. Nimebeba miti kuliko wote. Balozi kanisifu, eti kutoka safarini moja kwa moja kazini. Nilitamani ardhi inimeze. Neema bado haniongeleshi. Magunia ameyaona, na wala hakugomba. Bora angegomba.

Alhamisi, 13 Juni
Nimekwenda kwa Bibi Tusa kusema kweli. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Akaniwahi.

"Ndala zako zilikuwa mlangoni, mwanangu. Niliziona huku napiga yowe."

Kumbe alijua tangu siku ile. Alisema uongo kanisani kwa ajili yangu, mkono ukimuuma. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nililia pale pale.

Jumapili, 16 Juni
Nimesimama baada ya ibada nikasema yote. Nilikuwa ndani, nilijiziba masikio kwa godoro, na nilipotoka nikajificha. Bibi Tusa aliinamisha kichwa. Balozi alichukua kofia yake akaondoka. Sijui siku yangu ikifika watakuja au hawatakuja.

Jioni nimelitoa godoro dirishani, nimempelekea akalalie. Magunia nimeyabandua na kuyakung'uta, kahawa inayasubiri. Mwangwi umerudi. Niliwasha muziki kidogo, nikazima.

Dirisha liko wazi. Nasikia kinu chake. Anatwanga polepole, kwa mkono wa kushoto. Nafunga daftari nikamsaidie.