Kidole Gumba cha Mzee Jayanti

Walthamstow, London

Kaka Shabani,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, na naomba barua hii ikukute nawe mzima, na wifi, na watoto, na huo mgongo wako unaokusumbua ukiinamia bati. Wifi aliniambia kwenye simu kuwa siku hizi unatembea umejishika kiuno. Pumzika kaka, ndoo za watu hazitakimbia. Mvua mlizokuwa mkizililia zimefika? Huku mvua haiulizwi, ipo tu, nyembamba, inakulowesha kabla hujajua kuwa inanyesha.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa sauti. Nilijaribu kurekodi, kila nikianza sauti inanikatika, nikafuta. Bi Rukia, Mpemba wa mtaa wa nyuma anayekuja Tanga kumwoza mpwa wake, amekubali kunibebea barua pamoja na ile suruali yako. Isome kwanza peke yako. Nimemsemea mzee ninayemhudumia, na tangu nimsemee sijapata usingizi wa maana.

Mzee mwenyewe nimeshakutajia, Mzee Jayanti, Mhindi wa Korogwe. Baba yake alikuwa na duka pale, akiwauzia wakata mkonge khanga na mafuta ya taa. Sasa anakaa Queensbury, peke yake. Mkewe amefariki, mwanawe yuko Kanada. Kutoka kwangu hadi kwake ni treni mbili na mwendo wa miguu, na ndani ya treni watu tumebanana bega kwa bega lakini hakuna anayemsalimu mwenziwe. Ukimtazama mtu, anatazama viatu vyake. Mwanzoni niliwahi kumpa shikamoo bibi mmoja wa Kizungu aliyenikalia mbele, mdomo ulinitoka wenyewe, akahamisha mkoba wake upande wa pili.

Nikifika kwa mzee namkuta ameshavaa, isipokuwa vifungo. Namfunga vifungo, nampikia chai ya tangawizi, nampa dawa zake, na tunaongea. Kaka, tunaongea. Kiswahili chake ni cha zamani, bado mkuu wa wilaya anamwita "bwana shauri". Ananiita binti Muheza, ananitania kuwa sisi watu wa machungwa hatujui kazi, tunakaa chini ya mti tunangoja yaanguke. Mimi nikamwambia siku hizi Korogwe ni mahali pa kuchimba dawa tu, basi likisimama. Neno hilo hakulijua. Nilipomwambia abiria wanashuka kujisaidia vichakani, alicheka mpaka chai ikamwagikia shati, na shati ikabidi nilifungue tena. Chumba ninachopanga kiko katika nyumba yenye watu kila mlango, na hakuna anayejua jina la mwenziwe. Siku nyingi saa zile za Queensbury ndizo pekee nilizosikia lugha yangu.

Sasa mzee huyu ana starehe moja. Anatengeneza risasi. Usishtuke. Bastola zenyewe huku zimepigwa marufuku karibu zote, lakini kuna bunduki ndefu inayotumia risasi za bastola, na mtu mwenye kibali cha polisi na klabu yake anaruhusiwa kuwa nayo, hata kujijazia risasi nyumbani. Hapigi mnyama. Nyama hali, na panya aliyekuwa akimlia kunde zake alimtega akamwachia bustanini akiwa hai. Anapiga karatasi tu, Jumapili, na rafiki yake wa klabu, Colin, humpitia kwa gari. Maganda yaliyokwisha kutumika huyaokota, huyasafisha na kuyajaza upya: fataki mpya ya kuwashia baruti chini, baruti aliyoipima kwa mizani, kichwa cha risasi juu, kisha kwa mashine ya mkono anaubana mdomo wa ganda ukishike kile kichwa. Mimi sina kibali, kwa hiyo sigusi kitu. Nakaa kwenye kiti cha mlangoni nakunja nguo zake, yeye anafundisha.

Huko kubana mdomo ndiko anakokupenda kuliko kazi nyingine zote, na ningetamani umsikie, maana ni mambo yenu mafundi bati. Wewe ukikunja mdomo wa kibatari, ukilegeza mafuta yanavuja, ukikaza mno bati linapasuka. Yeye anasema, "Ukibana mno, ganda linavimba tumbo, haliingii kwenye bunduki, na kichwa chenyewe kinalegea. Ukibana kidogo, kichwa kinarudi ndani. Mdomo uiname tu, binti Muheza. Gently, gently." Na kichwa kurudi ndani ni hatari. Katika bunduki yake risasi zinalala ndani ya bomba, moja nyuma ya nyingine, springi inazisukuma, na kila akipiga zinagongana. Kichwa kikizama, baruti inakosa nafasi, na bunduki inaweza kumpasukia usoni. Ndiyo maana kila risasi akiimaliza anaijaribu. Anaegemeza ncha yake kwenye ukingo wa meza, anaisukuma kwa kidole gumba, kwa nguvu zake zote. Isipozama, anaisimamisha kwenye kibao chake chenye matundu pamoja na wenzake waliofaulu.

Alasiri moja risasi mojawapo ya hizo zilizofaulu ilimponyoka, ikaanguka sakafuni kwa ncha. Akainama akaiokota, akairudisha kwenye kibao. Nikaona imekuwa fupi kuliko wenzake. Kichwa kilikuwa kimezama.

"Mzee, hiyo imeingia ndani," nikasema.

"Aah, mbovu moja," akaitoa, akaitia kwenye kopo la taka zake. "Hizi nyingine nimetesti zote. Zimekaza kabisa."

Nikaendelea kukunja soksi, lakini akili ilikuwa kwenye kidole kile. Kaka, mimi ndiye ninayefunga vifungo vyake. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kimelegea tangu baridi ilipoanza. Kifungo kinamshinda, chupa ya achari inamshinda, na hataki kumwambia daktari, anasema ni baridi tu. Sasa kama kidole hakiwezi kusukuma kifungo kikapita kwenye tundu lake, kitasukuma nini? Risasi iliyolegea na iliyokaza, kwake zote zitaonekana zimekaza. Na ile pete ya kukazia kibanio kwenye mashine, anaikaza kwa mkono ule ule, hataki spana, anasema spana ni ya watu wasiojua. Pete ikilegea, kibanio kinapanda kidogo kidogo, na mdomo wa ganda haubanwi tena. Mkono uliokosea ndio huo huo uliokuwa ukijikagua.

Nikamwambia kwa upole, kama ninavyokwambia wewe habari za mgongo. "Mzee, hizi risasi si bora Colin azijaribu kwa kidole chake? Hiki chako kimechoka."

Akageuka. "Nani kasema kimechoka?"

"Vifungo vinasema, Mzee. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Listen. Nimefanya hii kazi miaka mingi, wewe hujazaliwa bado. Umekuja kufunga vifungo, funga vifungo." Kisha, labda aliona uso wangu, akateremsha sauti. "Binti Muheza, wakijua mkono umeharibika, watachukua kila kitu. Halafu Jumapili mimi nitafanya nini? Nitakaa hapa kuangalia ukuta? Usiseme. Tafadhali."

Nilienda kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa. Kaka, ningeweza kunyamaza. Ningenyamaza, angeendelea kuniita binti Muheza, na pengine bunduki isingepasuka Jumapili ile wala iliyofuata. Kila nikijishawishi hivyo, namwona ameinamisha shavu kwenye bunduki, jicho moja amelifumba, na mimi niko jikoni nasonga ugali nikijua. Niliogopa kumpoteza, nakwambia ukweli, na sikuogopea macho yake peke yake. Niliogopa kurudi kuwa mtu wa kusema "sorry" na "excuse me" kutwa nzima.

Jumapili Colin alipobisha, mzee alikuwa bado chooni. Colin ni mtu mnene, mpole, kila mara huniletea biskuti. Nikamwambia pale pale mlangoni. "Please, before he shoots, push the bullets with your own thumb." Hakuuliza sana. Akanitazama, akaitika kwa kichwa, akampokea mzee begi.

Walirudi mapema kuliko kawaida. Mzee alipita moja kwa moja chumbani kwake, hata koti hakuvua. Colin akabaki nami mlangoni, uso umemshuka, akaniambia risasi nyingi zilizama mara tu alipozisukuma, nyingine hakuhitaji hata nguvu. Alisema klabu haiwezi kulinyamazia jambo hilo. Na kweli haikulinyamazia. Walikuja polisi wawili, kwa adabu zote, walivua hata viatu, wakaichukua bunduki, na baruti, na risasi, mpaka daktari aseme. Daktari kashasema. Kidole hakitarudi kuwa kama zamani. Mashine yenyewe Colin aliifungua mezani akaondoka nayo, mzee akimshikia mlango.

Siku iliyofuata niliingia na shikamoo yangu kama kawaida.

"Good morning, Zuhura," akasema.

Nikadhani amesahau tu. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama amelala vizuri. "Very well, thank you. And you?" Nikamfunga vifungo. "Thank you." Nikampa chai. "Thank you, that's lovely." Nilimsimulia kuwa wifi kasema Korogwe mahindi yamekauka, nikajua hapo atasema kitu. Akasema ni jambo la kusikitisha, kwa Kiingereza. Hajanifokea, hajanuna, hajaniomba nisije tena. Wakala aliyenipa kazi hii aliniuliza kama nataka anibadilishie mtu, nikakataa. Adabu yake haijapungua hata chembe, na hiyo adabu ndiyo inayonichoma.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nikapiga magoti nikimvisha soksi, nikasema, "Mzee, nisamehe. Sikutaka ufe." Alitazama dirishani. Akanigusa bega kwa mkono ule mbovu, taratibu.

"It's quite all right, dear," akasema. "You did the right thing."

Ndivyo watu wa huku wanavyomwambia mtu aliyewashikia mlango wa duka.

Sasa kaka, usije ukanipigia kuniambia nilifanya vyema. Najua nilifanya vyema. Nikirudi pale pale mlangoni na Colin, nitasema tena. Macho yake anayo, vidole vyake anavyo vyote, na mimi kila asubuhi navuka London nzima kwenda kumfungia vifungo mtu aliyeko hai, na aliyekuwa akiongea nami hayupo.

Nisalimie wifi, na asikuruhusu kubeba bati. Nisalimie mama mdogo, mwambie dawa ya macho inakuja na Bi Rukia. Shangazi wa vitumbua mpe shikamoo yangu, na jirani yetu mwadhini umwambie naikumbuka sauti yake hata alipokuwa na mafua. Watoto wabusu, mkubwa umvute sikio kidogo.

Ukipata salio nipigie, kaka, lakini shauri usinipe. Nieleze bei ya bati imefika wapi, nani kagombana na nani sokoni, wifi kapika nini, hata kama ni mchicha. Usiniulize chochote. Wewe ongea tu, mimi nitanyamaza nikusikilize mpaka salio liishe.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura