Utani wa Sospeter

Kirumba, 12 Agosti 1995

Mpwa wangu Mayala,

Huku jua ni kali na dagaa wanakauka vizuri. Mama yako ameshinda kesi.

Sospeter alikiri kumdanganya kwamba umekufa mgodini, ili mama yako aiache meza yake ya samaki pale sokoni Mwaloni, yeye aichukue. Alivyolia dada yangu siku zile sitakuandikia.

"Mheshimiwa, mimi ni mtani wake," alijitetea. "Tunataniana hata msibani. Na sikumgusa."

Hakimu akamjibu, "Mtani huja kumchekesha mfiwa. Wewe ndiye uliyeleta msiba." Akaamuru alipe fidia kwa kumuumiza moyo makusudi.

Nje, mama yako alimpa Sospeter mkono. "Pole na msiba, mtani." Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Mjomba wako,
Jonathan