Mbavu Tatu za Baba

Shoga, niko nje ya wodi. Mikono siisikii kabisa. Hata kulia sijalia.

Baba kaanguka sebuleni, hapumui. Nikapiga magoti, viganja juu ya mfupa wa kidari, nikaanza kubonyeza. Mimi! Mwalimu wa huduma ya kwanza, mwaka wa tisa huu!

Mara ya kumi na mbili nikasikia ubavu ukilia ko! chini ya kiganja changu.

Nikaacha.

Shoga, NIKAACHA. Yule mdoli wangu wa plastiki wa darasani hajawahi kuvunjika. Nikabaki nautazama mkono wangu kama wa mtu mwingine.

Wifi akanisukuma pembeni. Wifi huyuhuyu niliyemcheka darasani kwa kuhesabu kwa kelele kama dalali mnadani. Akabonyeza, akahesabu kwa kelele zilezile, huku ananifokea: "Si wewe uliyetufundisha? Ubavu utaunga, moyo hausubiri!"

Hakuacha mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Daktari katoka sasa hivi. Baba anapumua. Kavunjika mbavu tatu.

Ubavu mmoja ni wangu. Mbili ni za wifi, na hizo ndizo zilizomrudisha.