Mahindi Yetu na Njia ya Baiskeli

Wesley,

Mtu mwenye adabu hamtukani nyanya yake kwa kipaza sauti. Ulipita hapa Migori ukitangaza kwamba wamama wa mahindi wanachafua mji, na mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo kwenye turubai. Uliniona. Ukageuza uso.

Hata hivyo salamu ni haki ya mtu, kwa hivyo pokea zako. Mko aje huko Homa Bay? Watoto wamepona kikohozi? Mimi niko, magoti ndiyo yananisumbua. Ningekupigia simu, lakini nikianza kusema ukweli unasema mtandao ni mbaya. Niliishia darasa la tatu. Herufi zikipinda, zisome hivyo hivyo.

Wewe na wenzako wa serikali mlipoijenga ile njia ya baiskeli nilishukuru. Mji huu umejaa magari mpaka mtu akitaka kuvuka anaomba Mungu kwanza. Marehemu babu yako alikuwa akienda na ndiga yake, ile baiskeli yake, hadi Karungu kuleta samaki, na watu walimheshimu. Siku hizi ukionekana na baiskeli wanauliza kama umefutwa kazi. Kwetu ni dadako Mourine tu aliyekusikia kwenye redio ukisema watu warudie baiskeli. Akanunua, akaanza kwenda nayo kule hospitali anakofua mashuka. Alisema kaka yake hawezi kudanganya watu.

Mahindi tulianika humo njiani, sikatai. Saruji safi, jua kali, wewe ungeanika wapi? Lakini tuliacha nafasi. Mourine akipita tulimtania kwamba huyo bibi harusi wa ndiga anakimbilia bwana gani, naye alitujibu kwamba yule aliyetushinda sisi. Na hakuna gari iliyothubutu kuingia hapo. Dereva gani atakanyaga mahindi ya mama wa Kijaluo, halafu ale chakula chake kwa amani?

Basi ulitufukuza, tukakunja turubai. Kabla vumbi letu halijatulia, magari yakaegeshwa humo, moja nyuma ya lingine. Hao hukuwapigia kelele.

Ndipo Mourine akaanguka. Nilikwambia aligongwa na pikipiki, ukasema pole, ukasema vijana wa boda hawana akili. Sikukwambia yote. Mbele ya duka la Hemed, yule muuza simiti, kulikuwa na gari imeziba njia. Mourine akaikwepa, akaingia barabarani, boda ikambeba. Bega limepona sasa, lakini baiskeli haigusi. Anapanda matatu, inakwama kwenye msongamano, anachelewa. Msimamizi wake amesema akichelewa tena nafasi yake atapewa mwingine. Ana watoto, na unajua hawana baba.

Sasa nisikilize. Hiyo gari ilikuwa yako, Wesley. Ulikuwa hotelini unakula na wakubwa wako. Ulipotoka tulikuwa tumeshambeba. Hemed aliiona, mimi niliiona, na Mourine mwenyewe aliitambua akiwa bado chini. Alitukataza kukwambia. Alisema watu wakijua watakucheka, na wakikucheka wewe hiyo njia itakufa. Amekufichia aibu huku yeye anapoteza kazi. Mimi nimezeeka, nimechoka kunyamaza.

Msalimie mkeo Edith, mwambie mboga alizotuma zilifika zikiwa zimenyauka lakini tulikula. Watoto wabusu kwa niaba yangu.

Jumatatu asubuhi uwe hapa. Gari iache kwako. Hemed atakuazima baiskeli, nimeshamwambia. Mourine ataendesha upande wa ndani, wewe upande wa magari, mpaka lango la hospitali, na hapo umwombe msamaha mbele ya wenzake wanaofua. Kisha rudi polepole kwa njia hiyo hiyo, na kila gari utakayoikuta humo, shuka, mtafute mwenyewe, umwambie aitoe.

Ni mimi dani yako,
Priscilla, mama ya baba yako